Zamu ya Kwanza na Mwaka Unaoifuata: Mwongozo kwa Muuguzi Mpya

Umemaliza chuo, umefaulu mtihani wa Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, leseni unayo na barua ya kupangiwa kituo imefika. Ulipokuwa mwanafunzi, mwalimu alisimama nyuma yako na ndiye aliyejibu ukikosea. Kuanzia sasa sahihi iliyo kwenye chati ni yako. Hilo ndilo badiliko kubwa, na ndilo linalowakosesha wauguzi wapya usingizi, wakijiuliza kitandani kama ile dripu ya kitanda cha dirishani waliifunga.

Hofu hiyo haina maana kwamba hukusoma. Mwaka 1974 Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliiandikia kitabu kizima na kuieleza kama mshtuko wa kukutana na uhalisia. Chuoni ulifundishwa kumhudumia mgonjwa mmoja kwa ukamilifu. Wodini unakuta vitanda vimejaa, wauguzi wawili, na glovu zinazotolewa kwa hesabu. Mmarekani mwingine, Patricia Benner, alieleza mwaka 1984 ngazi tano ambazo muuguzi hupanda, kutoka mgeni wa kazi hadi bingwa. Ngazi ya tatu, ya muuguzi anayeimudu kazi yake, aliiweka baada ya miaka miwili au mitatu ya kufanya kazi katika mazingira yaleyale. Basi mtu asikutishe kwamba kufikia mwezi wa tatu uwe unajua kila kitu.

Mwaka wako wa kwanza una kazi moja kubwa: kuwa muuguzi salama. Muuguzi salama anajua ujuzi wake unaishia wapi, na akifika hapo anasema mapema, kwa sauti, bila kuona haya. Kila ushauri ulio hapa chini unarudi kwenye jambo hilo.

Ijue wodi kabla hujaanza kuhudumia

Siku ya kuripoti, omba nusu saa ya kuzungushwa. Usiridhike kuonyeshwa kwa kidole. Fungua makabati, shika vitu. Mtungi wa oksijeni uko wapi, una gesi kiasi gani, na spana yake inawekwa wapi? Begi na barakoa ya kumpulizia hewa mtoto mchanga ziko wapi, na zinafanya kazi? Mashine ya kufyonza inawashwaje? Umeme ukikatika usiku, nani anawasha jenereta? Toroli la dharura linakaguliwa na nani, na lini? Usiku damu inapatikanaje? Namba za simu za daktari wa zamu, maabara na dereva wa gari la wagonjwa ziandike kwenye kijitabu cha mfukoni, maana simu ya mkononi huishiwa chaji.

Jua pia vitabu vya MTUHA vya kitengo chako. Ukipangiwa wodi ya wazazi, kitabu namba 12 cha uzazi utakifungua kila zamu. Kijue vizuri kabla hujalazimika kukijaza saa tisa usiku huku mama mwingine anasukuma.

Dawa za kulevya zinazofungiwa kwenye kabati la DDA zina kanuni yake. Unapopokea funguo, hesabu pamoja na anayekukabidhi, linganisha na kitabu, ndipo utie sahihi. Ukisaini kwa kuaminiana tu, kasoro yoyote itakayoonekana baadaye itakuwa juu yako.

Pokea ripoti kitandani

Ripoti inayotolewa mezani hukupa majina. Ya kitandani hukuonyesha wagonjwa. Mwombe mwenzako mpite wote kitanda kwa kitanda, na kwa kila mgonjwa uliza mambo matatu: nini kimebadilika katika zamu yako, nini hakijakamilika, na nini kinakutia wasiwasi. Swali la mwisho ndilo lenye thamani kubwa. Muuguzi mzoefu mara nyingi huhisi mgonjwa anakwenda vibaya kabla namba hazijaonyesha, lakini haandiki hisia kwenye faili, ukimuuliza atakuambia.

Mkiwa hapo, kagua kwa macho yako: dripu inashuka au imesimama, mpira wa mkojo unatoa kiasi gani, kidonda kimelowa au la. Kisha panga zamu yako. Anza na aliye mahututi, fuata dawa zenye muda, halafu usafi na kufunga vidonda. Ukiona kazi inakuzidi, mwambie inchaji saa ya kwanza, mapema kuliko saa ya mwisho ambapo hakuna tena la kuokoa.

Dawa: hesabu, saa na jina

Mgonjwa sahihi, dawa sahihi, dozi sahihi, njia sahihi, wakati sahihi: haya ulikariri. Wodini yanavunjika kwa haraka na kwa mazoea.

Anza na jina. Usimuulize mgonjwa, "Wewe ndiye Mama Neema?" Mgonjwa mwenye homa huitikia lolote, na wodi moja inaweza kuwa na akina Mama Neema wawili. Muulize, "Jina lako kamili nani?" kisha ulinganishe na faili.

Fuata hesabu. Chukua gentamisini ya miligramu 80 katika mililita 2, ambayo ni miligramu 40 kwa kila mililita. Mtoto mchanga wa kilo 3, aliyeandikiwa miligramu 5 kwa kila kilo, anahitaji miligramu 15. Hiyo ni mililita 0.375, chini hata ya nusu mililita. Nukta ikihama hatua moja, utavuta mililita 3.75 na kumpa dozi mara kumi, ya dawa inayoweza kudhuru figo na masikio. Kinga yake ni rahisi: tumia bomba la mililita 1, piga hesabu kwa maandishi, na mwombe mwenzako apige yake bila kuona jibu lako. Tena jiulize: kama hesabu inanitaka nifungue kichupa cha pili kwa mtoto wa kilo tatu, je, kweli niko sawa?

Dripu nayo ina hesabu. Lita moja kwa saa 8, kwa seti inayotoa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika. Yahesabu kwa saa yako, na urudi kuyahesabu tena, kwa sababu mgonjwa akikunja mkono kasi hubadilika.

Halafu saa. Chati inaandikwa kwa mfumo wa saa 24, lakini wodi nzima inazungumza saa za Kiswahili. Ukisema "apewe saa mbili," hujamwambia mwenzako kama ni 08:00 au 20:00. Andika 20:00, na ukisema, sema "saa mbili usiku". Hatari ni kubwa zaidi kwa mgonjwa anayeruhusiwa. Ukimwambia mama "mpe dawa kila saa nane," huenda akampa mtoto mara moja tu, saa nane mchana. Mtajie saa zenyewe: saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana, saa nne usiku. Kisha mwombe akurudishie kwa maneno yake. Ulisoma kwa Kiingereza, lakini mgonjwa anapona kwa maelezo aliyoyaelewa.

Mwandiko usiosomeka usiubahatishe. Mrudie aliyeandika. Akikasirika, atatulia baadaye. Dawa ikishaingia kwenye mshipa hairudi.

Mgonjwa anapobadilika

Kati ya vipimo vyote, upumuaji ndio unaodharauliwa zaidi. Utakuta chati ambamo wagonjwa wote wa wodi wanapumua mara 20, asubuhi na jioni. Wewe hesabu kwa dakika nzima. Mtu mzima hupumua kati ya mara 12 na 20; akifika 25, ana jambo, hata kama anakwambia hajambo.

Kwa mama aliyejifungua, fuata mapigo kwa karibu. Mama kijana mwenye afya anaweza kupoteza damu nyingi huku presha yake ikionekana nzuri, kwa sababu mwili unafidia kwa kuongeza mapigo. Presha inaposhuka, muda umeshapotea. Mapigo yakiizidi namba ya juu ya presha, hiyo ni dharura. Ndiyo maana saa mbili za mwanzo baada ya kujifungua unampima kila baada ya dakika 15, unagusa kizazi na kuangalia pedi. Usimwache alale tu kwa kuwa amechoka.

Sikiliza pia ndugu. Mtu akikwambia, "Sista, baba leo hayuko kawaida yake," yeye amemjua mgonjwa huyo miaka arobaini. Wewe una zamu mbili naye. Nenda ukampime.

Kumpigia daktari simu usiku

Wauguzi wapya wengi huchelewa hapa. Wanaogopa kumwamsha daktari, wanaogopa kuulizwa swali wasilolijua. Dawa ya hofu hiyo ni maandalizi. Kabla ya kupiga, shika faili, pima upya, na upange maneno yako kwa hatua nne: hali ilivyo sasa, historia fupi, unavyoona wewe, na unachoomba. Kwa mfano:

"Habari za usiku, dokta. Ni muuguzi wa zamu, wodi ya wazazi. Mama wa kitanda namba nne anatokwa damu nyingi. Amejifungua saa moja iliyopita kwa njia ya kawaida, ni uzao wa tano. Pedi mbili zimelowa ndani ya nusu saa, mapigo 124, presha 90 kwa 60, kizazi kimelegea. Naona kizazi hakijakaza. Tunakikanda, dripu mbili zinakwenda, oksitosini ipo ndani, damu ya kupima kundi imechukuliwa. Naomba uje sasa hivi."

Angalia sentensi ya mwisho. Usiishie kwenye "nilitaka tu ujue". Sema unachotaka. Asipopokea, piga tena, kisha mpigie anayefuata kwenye orodha, na uandike kila mara ulipopiga na saa yake. Waswahili husema kuuliza si ujinga; kazini kwetu, kunyamaza kunaweza kugharimu uhai.

Ukipangiwa zahanati

Wengi hufanya mazoezi katika hospitali kubwa kisha hupangiwa zahanati ya kijijini yenye watumishi wachache. Huko daktari wa kumwita ghorofa ya juu hayupo. Kituo chako cha kuomba msaada ni simu na barabara, kwa hiyo vyote viwili vipange mapema. Jua kituo cha afya kilicho karibu ni kipi, safari inachukua muda gani kiangazi na masika, na nani huko ana uwezo wa kufanya upasuaji. Kwa dharura za wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga, mfumo wa M-Mama una namba ya bure 115 inayopanga usafiri. Ibandike ukutani na uieleze kijijini.

Kwenye zahanati, ujuzi mkubwa ni kutoa rufaa mapema. Mstari wa tahadhari kwenye patografu haukuwekwa kwa ajili ya wakaguzi. Ukivukwa, anza kufikiria safari; usingoje mstari wa hatua huku mvua inanyesha na daraja limejaa maji.

Watu wa kazini

Salimia wote, na waliokuzidi umri waamkie, awe metroni au mhudumu wa usafi. Mhudumu wa wodi aliyekaa hapo miaka ishirini anajua kila kitu kilipo, anajua wagonjwa wanaorudi, na mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuona mgonjwa ameanguka. Leseni haikukupa ruhusa ya kumwita kwa jina tupu.

Wakubwa wako wengine watakufundisha kwa upole, wengine kwa ukali. Ukali unaohusu kazi upokee, chukua somo lililomo. Matusi na kudhalilishwa mbele ya wagonjwa ni jambo tofauti. Tafuta muda wa faragha useme, na likiendelea, yupo inchaji, yupo muuguzi mkuu, kuna chama cha wafanyakazi na chama chako cha kitaaluma.

Kuna jambo moja ambalo hupaswi kulirithi hata ukilikuta limeota mizizi: lugha mbaya kwa wagonjwa, hasa kwa mama aliye leba. Utasikia ikitetewa kwamba asipogombezwa hatasukuma. Si kweli. Mwanamke aliyetukanwa leba ataogopa kurudi, na mimba inayofuata atajifungulia nyumbani, ambako hakuna wa kumsaidia damu ikitoka. Lugha yako ni sehemu ya matibabu. Jitambulishe kwa jina, mweleze unachotaka kumfanyia kabla ya kumgusa, vuta pazia. Usipokee "chai" ili kumtanguliza mtu, na usimpige picha mgonjwa wala kutuma habari zake kwenye kundi la WhatsApp, hata bila jina.

Kifo cha kwanza

Utampoteza mgonjwa, pengine katika miezi yako ya kwanza. Jiandae kwa kujua la kufanya, kwa sababu mikono yenye kazi humsaidia mtu kusimama.

Kifo kikishathibitishwa, tenga faragha kwa pazia. Funga macho ya marehemu, nyoosha viungo, msafishe, mfunike, na hakikisha utambulisho wake umewekwa sawasawa. Ndugu wapeleke mahali pa kukaa. Waulize nani mkubwa wao, na awepo daktari au inchaji. Sema neno lenyewe: amefariki dunia. Ukisema "hali yake si nzuri" kwa mtu aliyekwisha kufa, unawapa tumaini ambalo utalazimika kuwanyang'anya. Baada ya hapo nyamaza, waache walie. Waulize kama wana mahitaji ya kidini, na shughulikia kibali cha mazishi bila kuchelewesha. Familia ya Kiislamu kwa kawaida itataka kuzika haraka, na karatasi iliyokwama ofisini huwaongezea uchungu.

Halafu kuna wewe. Omba dakika chache ukae. Kabla ya kwenda nyumbani, mwombe inchaji mlipitie faili pamoja, ujue lipi lingeweza kufanyika na lipi halikuwezekana. Kila kifo kinachotokana na uzazi hujadiliwa rasmi, na lengo la kikao hicho ni kutafuta pengo kwenye huduma. Ukiitwa, eleza ulichokiona kama kilivyokuwa.

Hali ni hiyohiyo ukikosea dawa. Mwangalie mgonjwa kwanza, mwite daktari, mwambie inchaji, andika saa na kilichotokea. Faili lisifutwe wala lisiandikwe upya. Kosa lililosemwa ndani ya dakika tano mara nyingi linatibika.

Ulinde mwili wako

Hakikisha umekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B, dozi tatu ndani ya miezi sita. Usifunike sindano iliyotumika. Itie kwenye sefti boksi papo hapo, na boksi likijaa robo tatu lifungwe. Ukijichoma, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usiminye, toa taarifa mara moja. Dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa chache, na zisivuke saa 72. Zinamezwa siku 28. Usimalizie zamu kwanza eti wodi ina kazi nyingi.

Zamu za usiku zina gharama. Lala kabla ya usiku wa kwanza, kula chakula chepesi, na waeleze wa nyumbani kwamba asubuhi hiyo simu itazimwa. Usiendeshe pikipiki ukiwa unasinzia. Ukiona wiki zinapita huli vizuri, unalia bila sababu, au huwahurumii tena wagonjwa, mwambie mtu unayemwamini kabla hujafikiria kuacha kazi.

Kuhusu mshahara, neno moja: kama ulisoma kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo, makato ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi. Panga kodi, nauli na fedha ya nyumbani ukiwa umeshaitoa hiyo.

Endelea kufanya mazoezi

Hospitali ya Kilutheri ya Haydom, mkoani Manyara, ilitupa somo linalomhusu kila muuguzi mpya. Wakunga walipewa mafunzo ya siku moja ya kumsaidia mtoto mchanga apumue. Kwenye mdoli walifanya vizuri. Kwa watoto halisi, huduma haikubadilika. Baadaye hospitali ikaanzisha mazoezi mafupi ya mara kwa mara, palepale kazini. Vifo ndani ya saa 24 za mwanzo vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Ulichojifunza chuoni, basi, kitafifia usipokigusa. Usisubiri semina. Zamu ikitulia, mwombe mwenzako dakika tano mjaribu begi la hewa, mtaje hatua za kuzuia damu kwa sauti, mpange upya toroli la dharura. Kila wiki chagua dawa moja ya wodi yako uisome hadi uijue. Mafunzo haya yakitambuliwa yatakusaidia pia wakati wa kuhuisha leseni, lakini faida yake ya kwanza ni kwa mtoto atakayezaliwa usiku wa leo bila kulia.

Ujipime baada ya mwaka

Miezi kumi na miwili ikipita, usijipime kwa kasi ya kuweka kanula. Jiulize haya. Naweza kupokea wodi na kujua ndani ya nusu saa nani ananihitaji zaidi? Hesabu zangu za dawa bado napiga kwa maandishi? Nikimpigia daktari, anaelewa kwa dakika moja? Wahudumu na wagonjwa wananiambia ukweli, au wananiogopa? Na swali la mwisho, linalozidi uzito kadiri uzoefu unavyoongezeka na aibu ya kuuliza inavyokua: mara ya mwisho niliposema "hili silijui, nisaidie" ilikuwa lini? Jibu likiwa ni wiki hii, uko mahali pazuri.